Springwood: Nyumba ya Roosevelt, Kumbukumbu ya Nani?

Franklin Roosevelt alizaliwa Springwood, nyumba ya familia yake katika mji wa Hyde Park, jimbo la New York, kando ya Mto Hudson, Januari 1882. Aprili 1945 alizikwa hapohapo, kwenye bustani ya mawaridi. Alichaguliwa mara nne kuwa Rais wa Marekani, lakini kwake palibaki pale. Mwaka 1943 aliikabidhi nyumba hiyo kwa serikali, na mwaka mmoja baada ya kifo chake wananchi wakaanza kuitembelea.

Wanaomsifu kwa uamuzi huo wana hoja nzito. Kabla ya sheria ya 1978, nyaraka za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi, na za baadhi ya waliomtangulia ziliteketezwa au kutawanyika. Roosevelt alijenga maktaba ya nyaraka zake ndani ya shamba la familia kwa michango ya watu binafsi, akaiachia serikali. Mtafiti wa leo anasoma barua ambazo warithi wangeweza kuziuza au kuzificha.

Lakini maktaba hiyo ilifunguliwa 1941, mwenyewe akiwa bado madarakani. Kiongozi anayepanga kumbukumbu zake akiwa Ikulu anachagua pia atakavyokumbukwa. Nyumba yenyewe ilitawaliwa na mama yake, Sara, hadi alipofariki mwaka huohuo. Mkewe, Eleanor, hakuwahi kujiona mwenyeji mle. Kwake kulikuwa Val-Kill, nyumba ndogo ndani ya eneo hilohilo la familia, na hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Zaidi ya miaka 30 ilipita tangu Springwood ifunguliwe! Tena Sara alirithi mali ya baba yake, Warren Delano, aliyetajirika China kwa biashara iliyohusisha pia kasumba, yaani afyuni. Mgeni anastahili kuelezwa hayo waziwazi, pamoja na sifa za mjukuu.

Hata hivyo, mimi naunga mkono kuhifadhiwa kwa nyumba hii, kwa sababu inafichua kile ambacho mwenyewe alikificha. Polio ilimpooza miguu mwaka 1921, na picha zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu ni chache mno. Springwood kuna lifti ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kupandishia masanduku. Roosevelt aliingia humo, akashika kamba, akajivuta kwa mikono yake hadi ghorofani. Hotuba zake hazikulisema hilo. Kama nyumba ingeuzwa, lifti ingeng'olewa na mnunuzi wa kwanza, na sisi tungebaki na mtu wa kwenye mabango.