Kirpan Shuleni: Nani Awaeleze Watoto Maana Yake?

Pendekezo la kuwafundisha wanafunzi wote maana ya vitu vitano ambavyo Wasikh, au Makalasinga kama wengi wanavyowaita, huvivaa kwa ajili ya imani yao hupokelewa kwa shaka kubwa kuliko linavyostahili. Vitu hivyo ni nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, kaptura ya ndani na kirpan, yaani jambia, navyo vinahusishwa na kuasisiwa kwa Khalsa, yaani jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha imani, na kiongozi wao wa kiroho Guru Gobind Singh mwaka 1699. Wanaopinga wanasema kwamba shule ya umma si mahali pa kuhubiri, kwamba ratiba imekwisha kujaa, na kwamba dini moja ikipewa kipindi, nyingine nazo zitadai.

Hoja ya mahubiri ndiyo nyepesi kuliko zote. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu ya mwaka 1963 iliyokataza usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma, ilieleza kwamba kujifunza kuhusu dini kama sehemu ya elimu ya kawaida hakukatazwi. Ya ratiba ina ukweli, lakini hilo ni suala la kupanga.

Kinachowatia watu hofu hasa, tuseme wazi, ni jambia. Mwaka 2001 kirpan ya mwanafunzi mmoja mjini Montreal ilianguka katika uwanja wa shule, na mzozo uliozuka ukafika Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 2006 ilibatilisha katazo alilowekewa, kwa masharti kwamba kirpan iwe ndani ya ala, ishonewe kwenye kitambaa na kufichwa chini ya nguo. Wanaoitaja hukumu hiyo hupenda kukumbusha kwamba katika miaka 100 ya Wasikh kusoma katika shule za Kanada halikuwa limeripotiwa hata tukio moja la vurugu lililohusu kirpan shuleni, ilhali mikasi na magongo ya besiboli mtoto yeyote huyapata kwa urahisi. Ni rekodi nzito, ila nadhani imebebeshwa kazi isiyo yake. Inatuambia kwamba hatari ni ndogo. Haituambii kwa nini mwanafunzi wa dawati la pili, ambaye amekatazwa kuja na kisu cha mfukoni, aone haki katika ruhusa aliyopewa mwenzake. Majaji wenyewe waliliona hilo, wakasema kwamba iwapo wanafunzi wengine wanaona wameonewa, ni wajibu wa shule kuwafundisha uvumilivu wa kidini. Sehemu hiyo haitajwi sana, na kwangu ndiyo kiini cha hukumu nzima, kwa kuwa ruhusa isiyoelezwa huonekana kuwa upendeleo.

Tena rekodi si kinga. Mwezi Mei 2021 mwanafunzi alijeruhiwa kwa kirpan katika shule moja ya Sydney, na serikali ya New South Wales ikapiga marufuku uvaaji wake shuleni, kabla ya kuuruhusu tena mwezi Agosti kwa masharti. Wapinzani wana haki ya kulitaja tukio hilo. Hata hivyo, linaonyesha pia kwamba mvaaji naye anahitaji kusikia, pamoja na wenzake, kwamba kirpan humkumbusha wajibu wa kumtetea mnyonge na haikukusudiwa kumalizia ugomvi.

Pasipo somo, anayebaki kuwa mwalimu ni mtoto wa Kisikh mwenyewe, wakati wa mapumziko, akiulizwa kuna nini ndani ya kilemba na wanaouliza huku wakikivuta. Wakati mwingine hata wakubwa hawajui. Mwaka 2008 Mahakama Kuu mjini London ilimpa ushindi msichana wa Wales ambaye shule yake ilimtenga na wenzake, kisha ikamsimamisha masomo, kwa sababu ya bangili nyembamba ya chuma. Uongozi uliihesabu kuwa pambo. Kwake ilikuwa ukumbusho wa kuuepusha mkono wake na uovu.

Hoja ninayoiona ngumu kweli ni nyingine kabisa: kwamba somo la vitu vitano huweza kuigeuza imani kuwa orodha ya mavazi. Wasikh wengi hawajapokea amrit, yaani ibada ya kuingia Khalsa, na wengi hukata nywele. Mtoto wa familia kama hiyo asije akaambiwa na wanafunzi wenzake, daftari mkononi, kwamba yeye si Msikh halisi. Kwa hiyo somo litaje kwamba sharti la vyote vitano huwahusu hasa walioingia Khalsa, na lifundishe pamoja navyo usawa wa watu na langar, chakula cha bure ambacho huliwa na watu wa kila dini wakiwa wameketi pamoja. Na mwalimu asimsimamishe mtoto mbele ya darasa ili kilemba chake kitazamwe. Picha zinatosha, au mtu mzima aliyekubali kuja kuulizwa maswali.