Mimea katika lishe na tiba ya mifugo Dodoma: mizani miwili tofauti

Ifikapo Agosti katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa, ng'ombe hubakiwa na mabua ya mtama na nyasi zilizokauka, kwa kuwa mvua za mkoa huu huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Huo ndio wakati ambapo wafugaji hushauriwa kuigeukia mimea, kwa lishe na kwa tiba, kana kwamba mambo hayo mawili ni shauri moja. Kwa maoni yangu hayapaswi kupimwa kwa mizani mmoja.

Kuhusu lishe, hoja ina nguvu. Protini ya nyasi za kiangazi mara nyingi hushuka chini ya asilimia 5, ilhali vijidudu vya tumboni mwa mnyama anayecheua huhitaji takribani asilimia 7 ili vimeng'enye nyuzinyuzi. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kushiba mabua na bado akakonda. Mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida zinayo kwa wingi, majani ya mti wa lusina na maganda ya migunga ambayo mbuzi huyaokota wenyewe, vyote huziba pengo hilo. Tahadhari ni kwamba mashudu ya mashine ndogo huwa na makapi mengi, na yakihifadhiwa penye unyevu huota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi inaweza pia kuingia katika chakula cha mifugo na kupita hadi kwenye maziwa.

Hata hivyo, mmea wa lishe nao una sumu yake. Lusina ina mimosini, ambayo ikizidi hunyonyoa manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii waliila bila kudhurika, na ikabainika kuwa matumboni mwao mlikuwa na bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Mfugaji asiyejua kama mifugo yake ina bakteria hao ni heri asiivushe theluthi moja ya mlo wa ng'ombe au mbuzi, na kwa punda na kuku awe mwangalifu zaidi, kwa sababu hawacheui.

Mtama unanitia hofu kuliko lusina. Baada ya mavuno, mvua kidogo ikinyesha, visiki huchipua majani mabichi yanayopendeza macho, na ndani yake mna kiini kinachotoa sumu ya sianidi. Mnyama mwenye njaa akifunguliwa shambani humo anaweza kufa kabla mchungaji hajapata msaada. Mabua ya shamba hilohilo, yakikatwa na kukaushwa vizuri, huwa salama zaidi.

Kuhusu tiba, wanaoitetea mitishamba wana sababu za kweli: duka la dawa za mifugo liko mbali, bei ni kubwa, na matumizi holela ya viuavijasumu yanazaa usugu na kuacha mabaki katika maziwa. Siwezi kuzipuuza. Lakini kuku wanapopatwa na kideri na mfugaji akatia mshubiri kwenye maji yao, wachache wanaosalia husifiwa kama waliotibiwa, ingawa katika kundi lisilopewa chochote pia baadhi wangeweza kusalia. Kideri ni virusi, na kinga iliyothibitishwa ni chanjo: tone moja jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ile aina inayohimili joto, inayotengenezwa Kibaha, inafaa hata vijiji visivyo na jokofu. Kumwambia mama mwenye kuku 20 kwamba mshubiri unatosha ni kumwacha bila kinga.

Utupa, mmea ambao majani yake huchemshwa ili kuogeshea ng'ombe, ni habari nyingine, maana unaua kupe kweli. Kemikali zake ni za jamii ya rotenoni, zilezile zilizowaua samaki mitoni tangu zamani, kwa hiyo maji yaliyotumika yasimwagwe karibu na lambo. Tatizo lake ni kipimo. Watafiti wamegundua kwamba ipo mitupa inayofanana kwa umbo, mmoja una kemikali hizo na mwingine hauna. Anayechemsha majani ya ule usio nazo ataogesha ng'ombe wake kila wiki huku kupe wakiendelea kunyonya. Kazi ya kutenganisha aina hizo na kugawa mbegu iliyopimwa haiwezi kuachiwa mfugaji, na ningependa kuona vituo vya utafiti wa mifugo vya Mpwapwa na Kongwa vikiibeba.