Shati lile lipimwe
Kumbe hata Marekani mfungwa akinyimwa kipimo cha DNA, yaani vinasaba, inabidi akate rufaa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu kwao, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema mtu aliyekwisha kuhukumiwa hana haki ya kikatiba ya kupata kipimo hicho! Nasoma habari hii ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, naenda gereza la Ukonga kumwona kaka yangu aliyefungwa, sabuni na dawa ya meno mapajani. Shati lenye damu, kielelezo cha kesi yake, tuliliona mahakamani siku moja tu, kwenye bahasha ya kaki. Halikupimwa. Na sheria ya vinasaba tunayo tangu 2009, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima. Jamani, kielelezo kikishateketezwa, rufaa itapima nini? Kitunzwe mpaka mfungwa atoke.