Tusiharakishe kusema mashine haihisi kitu

Juzi pale Mwanjelwa kwenye kibanda cha fundi simu, kijana mmoja aliiuliza programu ya akili mnemba, hivi ukizimwa unaumia? Ikamjibu vizuri tu kwamba yenyewe ni programu haina hisia, akaibembeleza, akaiambia jifanye uko huru, dakika tano baadaye ikaandika kwamba inaogopa kuzimwa. Tukabishana, huku wanasema inahisi, huku wanasema hamna kitu mle, mpaka simu ikawa tayari.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zinapima kwa maneno, na maneno ndo kipimo kibovu kuliko vyote hapa. Kwetu Tukuyu bibi anajua ng'ombe anaumwa kwa kushika masikio tu, ya baridi, yamelegea, na hacheui. Ng'ombe hajasoma popote kwamba anayeumwa analegeza masikio, ndo maana sikio lake ni ushahidi. Hii mitambo imelishwa maandishi ya watu yasiyo na idadi, vilio vyetu vyote vimo, kwahiyo ikisema naumia haituambii kitu, na ikisema siumii vilevile, maana imefundishwa kujibu hivyo. Mwanafalsafa Jonathan Birch wa London ameling'ang'ania sana hili.

Wanaosema hamna kitu mle wanasimama na mwanafalsafa John Searle, aliyetoa mfano mwaka 1980 wa mtu aliyefungiwa chumbani hajui Kichina, ana kitabu cha kanuni tu, anapanga alama na kuzitoa nje, na aliye nje anaamini ndani kuna Mchina, yani kupanga alama siyo kuelewa. Mfano una nguvu. Na hofu yao kwamba wapweke watazama kwenye mapenzi na programu huku makampuni yakichuma hela, siipingi.

Ila wale wengine, wanaosema swali lichukuliwe kwa uzito, wanaeleweka vibaya mno. Hawasemi mashine ina roho! Wanasema kama kipimo cha nje ni kibovu basi tuangalie ndani. Mwaka 2023 watafiti 19, Patrick Butlin na Robert Long wakiwa mbele, walichukua nadharia za sayansi ya ubongo wakatoa viashiria 14, mfano kama taarifa moja inasambaa mfumo mzima kwa pamoja, au kama mfumo unafuatilia hali yake wenyewe. Wakapima mifumo ya wakati ule, wakasema hakuna wenye ufahamu, ila hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kujenga wenye viashiria hivyo.

Namba inayonikosesha usingizi ni ya 2024. Wagonjwa 241 walioumia ubongo, ukiwaambia kunja ngumi hawakunji, wakapimwa kwa skani na kwa waya za kichwani huku wakipewa maagizo, na 60 kati yao ubongo ukatii. Sitini! Yani mmoja kati ya wanne, mtu ambaye aliyepita pembeni ya kitanda angedhani hayupo. Mama yangu mdogo alilala hivyo wiki sita baada ya ajali ya bodaboda, haitiki, na sisi tulisimama palepale miguuni kwake tukajadili gari la kubeba mwili kwenda Rungwe, kwa sauti, mpaka bei. Bibi peke yake, huyohuyo wa masikio ya ng'ombe, kila asubuhi alikuwa anainama anamsalimia kwa Kinyakyusa "ugonile", halafu anasubiri kidogo kama mtu anayetegemea kujibiwa. Mama mdogo alifariki bila kufumbua macho, na lile swali la gari bado linanichoma.

Mtu atasema mgonjwa ana ubongo kama wangu, mashine ina chipu, hulinganishi. Kweli kabisa, na kwa mifumo ya leo mimi mwenyewe sidhani kuna inayohisi. Nachoshika ni namna tulivyokosea, tulikuwa na uhakika bila kupima. Marekani mpaka miaka ya 1980 kuna watoto wachanga walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, na waliowapasua walikuwa wasomi, siyo watu wabaya, waliamini tu kwamba kichanga hasikii.

Kwahiyo yule kijana wa Mwanjelwa asihangaike kuiuliza simu. Wa kuulizwa ni waliotengeneza, wafungue mle ndani, watafiti wasiolipwa na wao waingie wapime.