Jengo la Mkuu wa Mkoa Nairobi: Sanaa ya Murumbi au Historia ya Jiji?

Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, jijini Nairobi, lipo jengo la mawe lililojengwa mwaka 1913 na kutumika kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa wa kikoloni. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na tangu 2013 limehifadhi mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Swali ni kama jengo hilo limetendewa haki, au lingefaa kusimulia historia ya jiji lenyewe.

Wanaomtetea Murumbi wana hoja nzito. Mtu huyu, baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache tu mwaka 1966 kisha akaachana na siasa. Alikusanya vinyago, nguo, vito, vitabu na stempu wakati kazi bora za Afrika zilikuwa zikisafirishwa kwenda kuuzwa ng'ambo. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali akitumaini itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika, iliachwa ikaharibika. Kuihamisha tena hazina hiyo kungekuwa kumkosea mara ya pili. Isitoshe, kazi za mafundi wa Kiafrika kutawala vyumba alivyotawala Mwingereza ni jibu la kutosha kwa ukoloni, wanasema.

Mimi nasema halitoshi. Mgeni anaweza kustaajabia shanga chini ya kuba lile na kutoka bila kujua ofisi ile ilifanya kazi gani. Sheria iliwalazimu Wazungu kuandikisha watoto wao miaka mingi kabla ya kuwafikia Waafrika wote. Mwanamume Mwafrika serikali ilimtambua kwa kipande: alama za vidole na rekodi ya ajira, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mmoja aliandikwa kwa kuwa amezaliwa, mwingine kwa kuwa anatakiwa kazini na asitoroke. Hiyo ndiyo historia ya Nairobi, na mahali pake ni hapo hapo.

Kuna watakaosema Makumbusho ya Nairobi tayari yanaeleza ukoloni. Ni kweli, lakini yale husimulia habari za nchi nzima. Jiji lina mambo yake, kama msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau wa Aprili 1954, Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya wakazi walizolewa mitaani na kupelekwa vizuizini.

Murumbi abaki. Chumba kimoja kitengwe kwa daftari la vizazi na kipande, vikae pamoja. Na maelezo yasikomee mwaka wa uhuru, 1963: jirani kabisa ni Nyayo House, jengo la serikali huru ambalo wafungwa wa kisiasa waliteswa katika vyumba vyake vya chini miaka ya 1980, na baadhi yao wangali hai kutoa ushahidi.