Kigari cha zamani na mafuta: kukichezea kunalipa kweli au tunajifurahisha tu?

Kuna ubishi hauishi kati ya watu wenye vigari vidogo vya zamani, zile za miaka ya 90 mpaka mwanzoni mwa 2000, injini ya lita 1.0 hadi 1.5 hivi. Kundi moja linasema hizi ndio gari za kuchezea, nyepesi, hazina mambo mengi ya kompyuta, ukirekebisha hapa na pale inaanza kunusa mafuta badala ya kuyanywa. Kundi la pili linasema acha bwana, hiyo gari walikaa mainjinia na vipimo vyao vyote wakaipuliza upepo maabara, wewe na mkasi wako na plastiki unaenda kuwazidi nini. Mimi nimeshakaa pande zote mbili, kwa hiyo naomba nizichambue zote bila kumfurahisha mtu.

Nianze na hesabu maana hapo ndipo nilipojidanganya muda mrefu. Tumezoea kusema gari inaenda kilomita ngapi kwa lita, na kipimo hicho kina ujanja wake. Chukua gari kubwa inayokwenda km 7 kwa lita, ukitembea km 1000 imekula kama lita 143. Ipandishe ifike km 8 tu, sasa inakula 125, umeokoa lita 18. Rudi kwenye kigari chetu kinachokwenda km 16 kwa lita, km 1000 zilezile kinakula lita 62 na nusu, ukihangaika nacho mpaka kikafika km 20, na hapo utakuwa umetoka jasho haswa, kitakula lita 50. Umeokoa 12 na nusu. Yaani aliyeongeza kilomita moja kwenye gari kubwa amekuzidi wewe uliyeongeza nne! Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Larrick na Soll, waliliandika hili kwenye jarida la Science mwaka 2008, wakionyesha jinsi kipimo cha maili kwa galoni kinavyowapotosha watu wanapolinganisha magari. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepandisha kigari changu kwa asilimia kadhaa", muulize hizo asilimia ni lita ngapi, maana asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi.

Hiyo ndio hoja nzito kuliko zote ya wapingaji, na cha ajabu wenyewe huwa hawaitumii, wanakomaa na ile ya "mainjinia wanajua zaidi" ambayo ndio dhaifu. Mainjinia wanajua zaidi, sawa, ila hawakuambiwa watengeneze gari inayokula mafuta kidogo kuliko zote, waliambiwa watengeneze gari itakayouzika. Iwe na sura, iwe nafuu kutengeneza, ipande mlima ikiwa imejaza watu bila kuchemsha, isipige kelele. Kila kimoja hapo kinakula kidogo kwenye mafuta. Na ushahidi wameutoa wenyewe, walipotaka kubana kweli walibana. Honda walitoa Civic VX kuanzia modeli ya 1992, bodi ni ileile ya Civic wenzake ila imepunguzwa uzito, gia ndefu zaidi ili injini izunguke taratibu kwa spidi ileile, na injini inayoweza kuchoma mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko ule wa kawaida wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Geo nao walikuwa na Metro XFi, silinda 3, lita 1.0, nayo gia zimenyooshwa. Halafu ikaja Honda Insight ya kwanza, hiyo walifunika mpaka matairi ya nyuma, wakafikisha kiwango cha ukinzani wa hewa 0.25, namba ambayo ikiwa ndogo gari inapasua hewa kirahisi zaidi. Kwa hiyo nafasi ya kubana ipo, wanaosema gari imeshafika mwisho wa uwezo wake ilipotoka kiwandani hawasemi kweli.

Swali ni kwamba nafasi hiyo unaifikiaje ukiwa na bisibisi nyumbani.

Upande wa hewa ndio mtamu na ndio nilipopotelea mimi. Nguvu ya hewa inayokuzuia inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 80 kwenda 110 inakaribia kuwa mara mbili, na nguvu injini inayotakiwa kutoa kupambana na hewa hiyo inafika kama mara 2.6. Hapo ndipo watu wanaziba sehemu ya grili ya mbele ili hewa isiingie ikazunguka kwenye boneti, wanaweka kipande bapa chini ya gari maana kule chini kumejaa mabomba na kona zinazokamata hewa, wanafunika rimu, na wale waliokubuhu wanaunga mkia mrefu nyuma ili hewa iachie gari taratibu badala ya kukatika ghafla na kuacha kama shimo linalokuvuta kurudi nyuma. Yote haya yanafanya kazi, fizikia haina ubishi. Lakini yanafanya kazi barabara kuu tu! Kama safari zako ni za mjini, foleni, taa, matuta, simama ondoka simama ondoka, hewa haina habari na wewe, hapo unapoteza kwenye breki, kila ukikanyaga unageuza petroli uliyoshachoma kuwa joto. Nimeona kigari kina mkia kama wa samaki na mwenye nacho hatoki mjini mwezi mzima. Na tusisahau kwamba ukishuka tu kutoka 110 mpaka 90, nguvu ya hewa inapungua kwa theluthi moja nzima bila kununua gundi. Hakuna mkia wa kutengeneza nyumbani utakaokupa hiyo bila jasho. Na kama una keria juu ambayo hubebi kitu, tafadhali itoe kwanza ndio tuongee mengine.

Sasa kuna kitu kinachofanya gari ya zamani iwe kesi tofauti na gari mpya, na hapa ndipo nimeegemea. Gari ya miaka 25 hailinganishwi na kile kilichotoka kiwandani, imeshachoka na imepita mikononi mwa mafundi wengi. Mfano thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Kuna mafundi gari ikichemsha wanachomoa thamostati kabisa, wanakwambia sasa injini itakuwa baridi muda wote, na mteja anafurahi. Kumbe injini isiyofika joto lake, sensa inaiambia kompyuta bado kuna baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kama vile umewasha asubuhi. Au sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoiambia kompyuta mafuta yamezidi au yamepungua, imezeeka, inajibu polepole au inadanganya, mchanganyiko unakuwa mzito. Au breki moja ya nyuma imeshika kidogo, husikii chochote, ila ukisimama ukagusa rimu unakuta ni ya moto. Upepo wa tairi je? Serikali ya Marekani kwenye ushauri wake wa mafuta inasema presha ikishuka kwa psi moja kwenye matairi yote unapoteza kama asilimia 0.2, inaonekana utani mpaka ukute tairi zimeshuka psi 10 na mwenye gari hajui. Ukirekebisha haya unaweza kupata zaidi ya kila mapambo ya hewa unayoyafikiria, ila huwezi kujisifia kwa mtu kwamba umebadilisha thamostati, haina mvuto, ndio maana watu wanaruka kwenda kwenye mikia. Na kitaalamu hujamodifai chochote, umeirudisha gari ilipokuwa.

Hata hapo kuna imani za zamani za kuangalia. Ea klina kwa mfano, kichungi cha hewa inayoingia kwenye injini. Enzi za kabureta ilikuwa kweli, ikiziba gari inakula, lakini kwenye gari yenye nozeli na kompyuta hewa ikipungua kompyuta inapunguza na mafuta. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani walilipima hili mwaka 2009 wakakuta kichungi kilichoziba kinaua mchomoko wa gari, mafuta hayabadiliki cha kueleweka. Kibadilishe, lakini usitegemee muujiza kwenye tanki.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta na zile chupa za kutengeneza hidrojeni kutoka kwenye maji sitakaa sana. Umeme wa kupasua maji unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, injini inachoma petroli, na kila hatua kuna kinachopotea njiani, kwa hiyo utarudishiwa pungufu ya ulichotoa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima zaidi ya vifaa 100 vya namna hii miaka na miaka, vilivyosaidia ni vichache mno na kwa kiasi kidogo.

Ila mbona kila aliyefunga anaapa gari imebadilika? Hapa ndio naomba watu wa pande zote mbili tuwe wakweli. Mtu akishafunga kitu anaanza kuendesha kama amebeba mayai, anaangalia geji, anaachia mafuta mapema akiona taa nyekundu mbele. Mafuta yanapungua kweli, ila aliyebadilika ni dereva. Halafu anapima kwa tanki moja! Tanki moja haisemi kitu, pampu moja inakata mapema nyingine inachelewa, gari imesimama pamenyooka au pameinama, siku ile kulikuwa na upepo. Ukitaka kujua funga, tembea tanki tatu nne, kitoe, tembea tena hizo hizo, kisha kirudishe, njia ileile. Nilivyofanya hivyo nusu ya vitu nilivyokuwa najisifia navyo vilipotea kwenye namba.

Hatari nazo zipo na washabiki huwa wanazipita haraka. Kujaza tairi upepo kupita kiasi kunapunguza msuguano ndio, lakini tairi inalika katikati na kwenye mvua gari inashika vibaya. Kuziba grili yote halafu ukapanda mlima mrefu ni kutafuta gasketi mpya. Na kile kitendo cha kuzima injini ukiteremka, jamani! Ukikanyaga breki mara mbili tatu ule msaada wa breki unaotoka kwenye injini umeisha na mguu unakutana na jiwe, usukani nao unakuwa mzito, na ukizungusha ufunguo mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga kabisa. Kingine cha kuchekesha, kwenye gari ya nozeli ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa, wakati ukiweka frii injini lazima ichome kidogo ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali, ambapo ungefunga breki hata hivyo, mwenye frii anakula zaidi na yuko kwenye hatari zaidi. Frii inalipa kwenye mteremko mdogo tu, gari inapoteleza mbali bila kuhitaji breki, na hapo injini iwe inawaka.

Kigari changu sasa hivi kina thamostati nzima, presha sahihi, keria imetoka, na nusu ya chini ya grili imezibwa, hicho nimekiacha kwa sababu injini inapata joto mapema asubuhi na geji haijawahi kusogea hata kwenye mlima. Ile plastiki ya chini nilikuwa nayo pia, na kwenye safari ndefu namba zilikuwa zinaonyesha kitu. Niliitoa siku ya kumwaga oili, nikiwa nimelala chini nahesabu skrubu 14 za kufungua ndio niifikie nati moja, haijarudi mpaka leo.