Sanad tuliijua tangu chuoni

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili ilirudi na wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa tatu: "Hoja yako iko wapi?" Hoja ilikuwepo, ukurasa wa tano. Mimi nilikuwa bado namkaribisha msomaji. Nimekulia Wete, Pemba, na kwetu mwenye shida haisemi akiwa mlangoni. Hupiga hodi, akakaa mkekani, mkaulizana hali, wagonjwa, na karafuu mwaka huu zikoje, ndipo akasema, "Nna neno limenileta."

Kwa Kiingereza msimamizi wangu alikuwa sahihi. Makala ya kitaaluma ya Kiingereza hutanguliza dai, ushahidi ukafuata. Kilichoniuma ni alichoongeza tulipoonana, kwamba mtu anayezunguka hivi hajajifunza kufikiri. Hapo nabisha mpaka leo.

Mwaka 1966 Mmarekani Robert Kaplan alichambua insha za wanafunzi wa kigeni, akachora michoro mitano ya namna watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo. Kiingereza akakipa mstari ulionyooka. Lugha za Mashariki ya Mbali akazipa mzunguko unaojikunja kwenda ndani. Kiswahili hakimo. Wengi walimpinga, na baadaye mwenyewe alikubali kuwa mambo yana utata kuliko alivyoyaona mwanzo. Hata hivyo mstari ule umebaki vichwani mwa wasahihishaji wengi, kana kwamba ndio akili yenyewe.

Linalonikera zaidi ni suala la kunukuu. Vijana wetu wakifika chuo kikuu huambiwa kwamba kutaja chanzo ni jambo jipya kwao, tena kwa sauti ya kuwashuku wizi. Jamani! Mtoto wa Unguja au Pemba aliyesoma chuoni kwa maalimu, yaani madrasa, amekutana na sanad, mlolongo wa majina ya waliopokezana hadithi ya Mtume, kabla hajajua kuandika insha. Chukua hadithi ya nia, ambayo wengi tuliihifadhi tukiwa wadogo. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, aliipokea kwa Humaydi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said, naye kwa Muhammad bin Ibrahim, naye kwa Alqama, aliyemsikia Umar bin Khattab akiisema juu ya mimbari. Jina moja likiruka, wanavyuoni wanauliza. Na hawaishii kwenye majina: wanamchunguza kila mpokezi, alikuwa mkweli, alikuwa na hifdhi, yaani kumbukumbu, nzuri, aliwahi kweli kukutana na huyo anayedai kumsikia? Hayo ndiyo maswali ninayotaka mwanafunzi aiulize makala aliyoiokota kwenye intaneti.

Siku hizi nafundisha, na somo la marejeleo naanzia hapo. Naandika mlolongo ule ubaoni, nafuta jina la katikati, nawauliza kimeharibika nini. Wanajibu bila kusita. Kisha nawapa kanuni za mabano, mwaka na ukurasa, na sasa wanajua zinalinda nini.

Anayeandika kwa Kiingereza namfundisha kuitoa hoja ukurasa wa kwanza, kwa sababu mwenyeji wake kule ndivyo anavyopokea wageni. Lakini tasnifu za Kiswahili zinazoandikwa hapa Zanzibar nawaombea wasimamizi waziachie kurasa zake mbili za hodi. Atakayezisoma naye amelelewa mkekani.